Homa ikipanda, usitupe dawa

Ndugu zetu wa mashimo, na nyinyi mama zetu wa nyumbani, kuna jambo linatupotezea watu. Mchimbaji anatibiwa kifua kikuu, kiisha anaanza dawa za sida. Wiki mbili, tatu, homa inapanda, tezi za shingo zinavimba, kikohozi kinarudi. Watu wanasema: dawa ndiyo inamuua. Anaitupa, anarudi kwenye shimo.

Mara nyingi ni kinyume. Askari wa mwili, zile CD4, walikuwa wamechoka. Dawa imewaamsha, wanapigana na kifua kikuu kilichobaki, na vita hiyo ndiyo inachoma. Waganga wanaiita IRIS. Sisi wa vumbi ya mawe kifua kikuu kinatupata kuliko wengine.

Shida ni kuitambua. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema: hii ni IRIS. CRP inaonyesha moto mwilini, lakini moto wa nini? GeneXpert, kwa masaa mawili hivi, inasema kama kifua kikuu kinapinga rifampisini. Watafiti wanatafuta alama zingine, kama IL-6. Kwa sasa munganga anaunganisha yote pamoja na tarehe uliyoanza dawa. Basi kadi yako usiipoteze!

Utafiti wa Cape Town wa 2018 ulionyesha kwamba prednisone ya mapema, kwa wenye CD4 100 ama chini, ilishusha IRIS kutoka karibu 47 hadi 33 kwa mia. Lakini usijinunulie sokoni.

Sisi wa sindika tunadai CRP na GeneXpert karibu na mashimo, kwa bei ya mchimbaji. Mutu wa Numbi asishuke mpaka Katana, na homa yake, sababu ya tone la damu.