Utabiri wa Mvua Usitafsiriwe Nusu

Kila mwaka, kabla ya majira ya baridi, wenye hoteli za mchezo wa kuteleza juu ya theluji katika milima ya Marekani husubiri taarifa ya msimu. Wataalamu huwajibu kwa kutazama joto la maji ya Bahari ya Pasifiki. Likipanda, yaani El Nino ikitokea, milima ya kusini-magharibi aghalabu hupata theluji nyingi zaidi, nayo ya kaskazini-magharibi hupungukiwa. Joto hilo hilo, likishirikiana na lile la Bahari ya Hindi, huchangia kuamua kama mkulima wa Nyatike, katika Kaunti ya Migori, atavuna mahindi yake ya vuli au atayatazama yakizama chini ya maji ya Mto Kuja.

Watu hawa wawili wanategemea sayansi moja. Lakini mwenye hoteli huusoma utabiri katika lugha ulimoandikwa, ilhali mkulima huupokea ukiwa umekwisha kutafsiriwa, na njiani umepungua.

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu sentensi moja ya Kiingereza waitie katika Kiswahili. Ilisema kwamba uwezekano wa mvua kuzidi wastani katika eneo la Ziwa Viktoria ni asilimia 45. Wengi wao waliandika: “Kutanyesha mvua kubwa katika eneo la Ziwa Viktoria.” Upatanisho wa kisarufi haukuwa na dosari hata moja, ila utabiri wenyewe ulikuwa umekufa. Sikuwalaumu sana. Ndivyo wanavyousikia redioni, kwa Kiswahili na kwa Dholuo.

Watabiri huchukua rekodi za mvua za miaka 30, wakaigawa miaka hiyo mafungu matatu yaliyo sawa: ya mvua nyingi, ya wastani na ya mvua haba. Asiyejua lolote kuhusu msimu ujao hana budi kulipa kila fungu theluthi moja, yaani asilimia 33 hivi. Kwa hiyo 45 ni ishara yenye maana. Lakini 55 zimebaki upande wa pili. Mkulima wa Bonde la Lambwe, kule Homa Bay, akiambiwa “kutanyesha”, huenda akaacha mtama akapanda mahindi yanayokawia kukomaa. Mvua ikikatika, atasema watabiri ni waongo, ilhali aliyemponza ni mfasiri.

Maneno yetu nayo yana historia yake. “Tabiri” lina asili ya Kiarabu, na huko lilihusu kufasiri ndoto. Si ajabu kwamba msikilizaji hungojea kauli ya mwaguzi. “Kawaida” lina hatari zaidi. Maji yanayowafurikia watu wa Nyatike kwa sehemu kubwa hayakunyesha Nyatike, bali yameteremka kutoka nyanda za juu za Kisii na Nyamira. Mvua iliyo ya kawaida huko juu yaweza kuwa msiba huku chini.

Na “El Nino” je? Tangu mafuriko ya 1997, Wakenya tumelifanya kuwa jina la gharika yoyote. Mwaka 2015 tuliambiwa El Nino yenye nguvu inakuja. Ilikuja kweli katika Pasifiki, lakini gharika tuliyoiogopa haikufika kwa kiasi kile, na wengi wakacheka. Mwaka 2019 tulifurika pasipo El Nino ya maana. Bahari ya Hindi ndiyo iliyokuwa imepata joto upande wetu. Kisha Oktoba 2023 Rais William Ruto, akiwanukuu wataalamu, aliwaambia wananchi kwamba El Nino haitakuja, ila mvua nyingi tu. Kufikia mwanzoni mwa Desemba mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya mia moja nchini. Tulishughulika na jina, maji yakaingia nyumbani.

Wako wanaodai kwamba mwananchi wa kawaida haelewi asilimia. Nawaalika wakae Jumamosi moja na vijana wa mjini Migori wanaobashiri matokeo ya kandanda. Vijana hao hupima uwezekano wa timu kushinda, kushindwa na kutoka sare, mafungu matatu kamili, na huweka fedha zao hapo. (Siusifu mchezo huo, nausifu ufahamu wao tu.)

Isitoshe, Kiswahili kina ngazi zake za shaka na yakini: labda, huenda, yamkini, aghalabu, bila shaka. Jopo la Kimataifa la Tabianchi limeyapa maneno ya Kiingereza viwango maalumu. Moja hutumika pale tu uwezekano unapofika asilimia 66 au zaidi. Idara ya Hali ya Hewa ikikaa na walimu wa Kiswahili na wa Dholuo, yaweza kufanya vivyo hivyo kwa siku mbili tatu. Na hata kabla ya hapo, tarakimu isomwe hewani jinsi ilivyo: mara nne au tano katika kumi.

Taarifa ya masika, ambayo wazazi wa wanafunzi wangu wengi huyaita chwiri, hutolewa kabla ya Machi. Nitaipeleka darasani siku itakapotoka, na safari hii atakayeiacha asilimia nje atapata sifuri.