Sheria ndiyo itakayomaliza ugeni

Katika Kiswahili, neno "mgeni" lina sura mbili. Mgeni ni yule anayetandikiwa mkeka na kuletewa maji ya kunawa. Mgeni pia ni yule asiyejulikana, ambaye mlango hufungwa anapopita. Neno ni lile lile, wala hakuna kiambishi kinachotuonyesha ni yupi anayekusudiwa. Anayeamua ni mwenyeji. Ndiyo sababu, nionavyo mimi, suala la chuki dhidi ya wahamiaji na wakimbizi halifai kuachiwa hisani ya mwenyeji peke yake. Ni suala la sheria.

Sisi wa Pwani ya Kenya tunao ushahidi mlangoni petu. Katika mitaa ya Likoni, hadi ufuoni Shelly Beach, Mdigo, Mkamba, Mluo na Mkikuyu walikuwa wamekaa ujirani kwa miaka mingi. Tarehe 13 Agosti 1997, kundi lenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likawaua polisi na kupora bunduki, kisha likawageukia watu wa bara. Vikaratasi vilisambazwa vikiwaamuru wafunge virago. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika ghasia hizo, na wapatao 100,000 wakayahama makazi yao. Maelfu walijihifadhi katika kanisa Katoliki la Likoni.

Waliofukuzwa walikuwa raia wa Kenya, na Katiba ya wakati ule iliwapa uhuru wa kwenda na kuishi popote nchini. Msomaji atauliza: ikiwa vitambulisho havikuwanusuru hao, karatasi itamfaa nini mkimbizi? Jibu ni kwamba sheria ina mikono miwili. Mmoja humpa mtu hadhi, na mwingine humwadhibu anayeivunja. Mwaka 1997 ni huu wa pili uliopooza. Tume ya Jaji Akiwumi iliteuliwa mwaka 1998 kuchunguza ghasia za kikabila nchini, lakini ripoti yake haikutolewa kwa umma hadi 2002, na wengi wa waliotajwa humo hawakupata kufikishwa mahakamani.

Tangu wakati huo mkono wa pili umeongezewa nguvu, angalau kwenye karatasi. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inamtisha mchochezi kwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Aidha, chuki inayokatazwa humo ni pamoja na ile inayomlenga mtu kwa sababu ya uraia wake. Kwa hiyo mkimbizi naye amekingwa. Mwaka 2022 tume iliyoundwa kwa sheria hiyo ilitangaza orodha ya maneno ya chuki, na miongoni mwayo yakawemo "madoadoa" na "wabara waende". Hatua hiyo ni njema, lakini mwanaisimu yeyote atawaambieni kwamba ulimi ukikatazwa neno moja huzua jingine kabla ya jua kutua. Haitoshi kulifukuza neno ilhali hali inayolizaa imeachwa vile vile.

Hali hiyo ni ipi? Tuyatazame majina yenyewe. Mkimbizi hutokana na kukimbia, mhamiaji na kuhama, na "watu wa kuja", kama wasemavyo wenyeji wa Mombasa, na kuja. Yote yamezaliwa na vitenzi vya mwendo. Kitendo hukamilika kwa siku chache, lakini jina hubaki, likarithiwa na mwana na mjukuu ambao hawajakimbia popote. Sarufi haina njia ya kulikomesha jina hilo. Sheria inayo.

Wamakonde wa Kwale, jirani zetu wa kusini, ni mfano. Wazee wao walitoka Msumbiji wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Wajukuu walizaliwa Kenya, wakakua bila vitambulisho. Mwezi Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki yao, na mwaka uliofuata wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba, wavuvi wa pwani hii, walisubiri hadi 2023. Hata lugha haikuwaokoa, kwani ni nani awezaye kumfunza Mpemba Kiswahili? Hali kadhalika watu wa Barawa, wasemao Chimiini, lahaja ya Kiswahili, walipokimbia vita vya Somalia miaka ya 1990 waliishia kambini, humu humu mwa Waswahili wenzao.

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huichukua methali hii kuwa kejeli kwa mgeni mvivu. Mimi naiona kuwa ni sheria: ugeni una kikomo, na kikomo hicho ni haki ya kufanya kazi pamoja na wenyeji. Sheria zetu hazijaifikia siku ya tatu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inatambua kwamba mkimbizi aweza kufanya kazi, lakini bado inamfunga kwenye maeneo yaliyotengwa. Dadaab ilifunguliwa 1991. Waliozaliwa humo wamekwisha kupata watoto. Nayo Sheria ya Uraia ya mwaka 2011 iliwafungulia mlango wasio na nchi waliokuwa wakiishi Kenya tangu 1963, lakini kwa miaka 5 tu. Ikaongezwa 3, na muda huo ukaisha Agosti 2019.

Simlaumu mwenyeji bure. Mdigo asiye na hatimiliki ya ardhi ya babu yake ana uchungu wa kweli, na mwanasiasa hupita humo. Huko Likoni, shamba la ekari 930 lililovamiwa baada ya ghasia za 1997 lilianza kutolewa hatimiliki mwaka 2016, takriban miaka 20 baadaye. Sera ya ardhi iliyo ya haki ingemnyang'anya mchochezi kuni zake.

Basi Bunge liufungue tena mlango wa 2011, safari hii bila kuuwekea kufuli ya muda. Wachochezi nao wafikishwe mahakamani kabla ya uchaguzi, si baada ya mazishi. Na nyinyi walimu, chukueni Katiba ya 2010 mwingie nayo darasani. Wasomeeni wanafunzi kifungu cha 28, kisemacho kwamba kila mtu ana utu wa kuheshimiwa, kisha waulizeni iwapo neno "kila" lina mipaka. Wakisema halina, waulizeni mtoto wa mkimbizi aliyezaliwa Kenya atakuwa mgeni hadi lini.