Sinia moja latosha wageni

Wageni wa jioni wasimfanye mama ashinde jikoni. Sinia moja pana, vitu vya Darajani na nusu saa ya kupanga, basi.

Katikati huwekwa bakuli la chatne ya nazi. Upande mmja hupangwa sambusa, kachori, mkate wa ufuta uliokatwa vipande, mayai ya kuchemsha na kuku aliyechambuliwa. Upande wa pili: tende, halua, korosho, embe na shokishoki kwa msimu wake. Birika la kahawa chungu lisikosekane, kwani halua bila kahawa haijakamilika.

Mambo mawili wazazi wayaangalie. Kuku na mayai vitolewe mwisho, visikae nje zaidi ya saa 2. Joto la kaskazi likizidi, saa moja inatosha. Na watoto wa chini ya miaka 5 wasipewe korosho nzima wala shokishoki yenye kokwa, huweza kuwakwama kooni. Wawekewe kisahani chao, tende zimetolewa kokwa na kukatwakatwa.

Kisha mama naye akae mkekani, ale na wageni wake.