Zamu Moja Tu, Mama!

Wengi wetu tumewahi kugombana na mtoto aliyegoma kuinuka mbele ya kompyuta. Nasi tuligombana, hadi jioni moja tukavuta kiti na kumwambia, "Hebu tufundishe na sisi, mwanetu."

Mchezo wenyewe ni Civilization, uliobuniwa Marekani na Sid Meier na wenzake, ukatolewa mwaka 1991. Huchezwa kwa zamu, kama bao: unapanga mambo yako, kisha kompyuta nayo inacheza. Unaanza mwaka 4000 kabla ya Kristo, ukiwa na walowezi tu na ramani iliyojaa giza.

Kwanza, jenga mji mapema, karibu na mto au bahari, penye chakula. Pili, weka askari wa kuulinda kabla ya kutuma walowezi wengine. Tatu, jenga ghala. Mji ukikua, nusu ya akiba ya chakula itabaki. Wakazi wakinung'unika hadi wakafanya ghasia, kazi husimama. Basi wajengee hekalu mapema. Je, nyumba zetu haziendeshwi hivyo hivyo?

Hatari yake ni kwamba kila zamu huvuta nyingine, na usiku unakwisha. Kwa hiyo tulipatana: zamu ishirini baada ya kazi za shule, kisha anahifadhi mchezo na kuzima. Anayehesabu ni yeye mwenyewe.

Ugomvi umepungua. Siku hizi hutuita, "Mama, njoo uone mji wangu." Tunapoitwa hivyo, tuache sufuria kidogo, twende.