Kwa Gavana wa Busia: Mgeni wa Saa Moja Naye Ana Pesa

Mheshimiwa Gavana,

Nina ombi linalohusu watu ambao hawapigi kura Busia wala hawalali Busia, lakini hupita hapo kila siku, mchana na usiku: abiria wa mabasi ya Kampala na Nairobi. Hushuka mpakani, hupanga foleni ya uhamiaji, kisha husimama kando ya basi wakipiga miayo huku mizigo ikikaguliwa. Naomba kaunti yako iwape sababu ya kutembea kidogo, na pa kukanyaga wakitembea.

Mombasa, meli ya watalii ikitia nanga Kilindini, mji mzima huwa na habari. Abiria wana saa chache kabla ya meli kung'oa nanga, na kila mtu, kuanzia dereva wa tuktuk hadi muuza vinyago karibu na Fort Jesus, anajua kwamba saa hizo ni riziki yake. Jumba la kuwapokea wageni hao lilitengenezwa na Mamlaka ya Bandari kwa ushirikiano na TradeMark East Africa, shirika lilelile lililochangia ujenzi wa kituo cha mpakani hapo Busia. Tofauti ni kwamba meli huja kwa msimu. Mabasi ya Busia hayana msimu.

Tangu Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipokizindua kituo hicho Februari 2018, utaratibu umegeuka. Zamani abiria aligongewa muhuri wa kutoka upande huu, akavuka, akapanga foleni tena upande wa pili. Siku hizi anayekwenda Uganda humalizia yote Uganda, na anayekuja Kenya humalizia yote kwetu. Kwa hiyo, Mheshimiwa, mtu anayesimama Busia ya Kenya ni yule anayeingia. Ametoka Kampala, pengine Kigali. Ana shilingi za Uganda zinazomwasha mfukoni na hajala tangu Jinja. Kenya ya kwanza anayoiona ni mji wako. Yule anayetoka Kenya ni mgeni wa majirani zetu, na ng'ambo hiyo rolex ya moto, chapati na mayai yake, inamngoja kabla hata hajauliza.

Huyu wetu akitoka langoni anakutana na nini? Kwanza wabadilishaji fedha, vibunda mkononi, kila mmoja na bei yake. Halafu barabara kuu. Malori yameegeshwa kando, bodaboda zinapenya katikati, na mwenda kwa miguu anajitafutia nafasi kati ya tela na mtaro. Wengi hughairi, wakarudi kwenye basi. Kuna hofu nyingine pia: konda husema "dakika kumi", zikawa arobaini, na bado hakuna anayethubutu kwenda mbali, kwa sababu ipo siku zitakuwa kumi kweli.

Ni hasara, maana ndani ya dakika hizo arobaini kuna mji wa kuuona. Sokoni omena, dagaa wa ziwani, imemwagwa juu ya turubai. Mama anaichambua kwa vidole, anatupa kijiti, anatupa gamba la konokono, kisha anajaza gorogoro hadi ifanye kilima, na kabla ya kumimina kwenye mfuko wako anaongezea konzi moja bila kuombwa. Omena hiyo haikutoka mbali. Sio Port na Port Victoria zimo ndani ya kaunti yako, Mheshimiwa. Una bandari za maji na bandari ya nchi kavu, jambo ambalo magavana wengi wa bara hawana. Pembeni kuna unga wa muhogo uliochanganywa na wimbi au mtama, ule wa ugali mweusi ambao mtu wa Nairobi huuulizia akiwa na hamu ya kwao.

Ukirudi barabarani utawaona watu wenye ulemavu wa miguu wakivusha katoni kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Maofisa wa forodha, kwa miongo kadhaa, waliwaachia wapite na mizigo yao bila kuwasumbua sana, nao wakaigeuza huruma hiyo kuwa biashara kamili, yenye wasukumaji na wateja wake. Bodaboda nayo, inayobeba Afrika Mashariki nzima leo, ilianzia mpakani hapa, kwa baiskeli zilizokuwa zikipakia watu kati ya kituo na kituo. Miji mingine ingekuwa imeshajenga sanamu. Sisemi ujenge sanamu. Nasema tu mgeni anapita juu ya historia hiyo akidhani ni vurugu za barabarani.

Na ni historia ndefu kuliko kituo chenyewe. Kabla ya 1902 hapakuwa na cha kuvuka. Uganda ilifika karibu na Naivasha, na ni mwaka huo Waingereza walipolitoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kuliunga na himaya iliyokuja kuwa Kenya. Ndipo mpaka ukaja kukaa katikati ya Wasamia na katikati ya Wateso, ambao hadi leo huvuka kwenda matangani na harusini kama mtu anayekwenda kwa jirani.

Malaba, kivuko kingine cha mpaka katika kaunti yako, ni habari nyingine, na sitajifanya kwamba dawa yake ni ileile. Pale wageni wakubwa ni madereva wa malori na mataniboi wao, na hawa hawakai saa moja. Foleni ikikaza wanalala. Mwaka 2020, wakati wa kupimwa korona, ilirefuka makumi ya kilomita, watu wakipikia chini ya matela. Dereva aliyekaa siku mbili anataka bafu, kivuli na mahali pa kuchaji simu kabla ya kutaka kuonyeshwa reli iliyofika Kampala mwaka 1931, ingawa mabehewa yake yanapita hatua chache kutoka alipo. Hata hivyo, ajue kwamba Teso Kaskazini, eneo ilipo Malaba hiyo, lina Kakapel, mwamba wenye michoro ya kale, ambako watafiti walitangaza mwaka 2024 kwamba wamepata kunde ya miaka ipatayo 2,300. Kwa mguu hafiki. Kwa bodaboda anafika.

Najua utaniambia barabara kuu ni ya mamlaka ya kitaifa, KeNHA, na uhamiaji ni wa Nairobi. Ni kweli. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia kaunti masoko, taa za barabarani, maegesho, barabara za kaunti na utalii wa mashinani. Hayo yanatosha kabisa kwa ninachoomba: njia ya miguu kutoka lango la kituo hadi sokoni, yenye upana wa watu wawili wenye mizigo, iliyozuiwa kwa nguzo ili lori lisiweze kupanda, taa zinazowaka kweli, kwa kuwa mabasi mengi hupita usiku, na ramani kubwa iliyochorwa ukutani, inayosema soko ni dakika ngapi na chakula ni dakika ngapi. Kaeni pia na wenye mabasi mkubaliane saa ya kuondoka iandikwe ubaoni, abiria aione mwenyewe.

Sharti langu ni moja. Njia hiyo isije ikawa kisingizio cha kuwafagia wachuuzi. Tumeona miji ikipendezeshwa kwa askari na magari ya kubebea vibanda, na mwisho wake ni lami safi isiyo na wa kumuuzia mtu yai la kuchemsha. Mama wa omena, mbadilishaji fedha mwenye mwavuli, kijana wa chapati: hao ndio mgeni anaotembea kuwafuata. Wapewe nafasi zilizopigwa rangi, maji na pipa la taka, wabaki palepale watu wanapopita. Wao pia waketi kwenye kikao cha kuamua njia ipite wapi, kwa sababu wanajua kuliko mhandisi yeyote abiria hugeukia upande gani akishuka.

Ikiwa bajeti ya mwaka huu inatosha jambo moja tu, liwe choo. Kiwe karibu na yanaposimama mabasi, kiwe wazi usiku kucha, chenye maji, na mtu wa kukitunza anayelipwa kwa wakati. Tutalipia, Mheshimiwa, hata kwa shilingi za Uganda.

Wako mwaminifu,
Msafiri wa basi la usiku