Manono, Kalemie, Moba: mali iko, njia iko wapi?

Siku hizi, mu mitaa ya Kenya, Katuba na Ruashi, jina la Manono halikosi mu mazungumzo. Vijana wanasema asema kule litiyumu iko mingi, kampuni zitaingia, kazi itapatikana. Mbele ya mtoto kufunga valizi, tuangalie pamoja hiyo kaskazini: ni inchi ya namna gani, na kwa nini mali yake haijalisha watu wake mpaka leo.

Tangu Katanga ikatwe vipande vinne mu 2015, kaskazini-mashariki ni jimbo la Tanganyika, na mji wake mkuu ni Kalemie. Liko na materituari sita: Kalemie, Moba, Manono, Kabalo, Kongolo na Nyunzu. Kwa ukubwa, linalingana karibu na Haut-Katanga yetu. Ziwa lake lina urefu wa kilometa karibu 670, na kina chake kinafika metre 1.470 hivi; duniani, ni Baikal ya Urusi tu inayolipita kwa kina. Ku Moba kuko milima ya Marungu, inayopita metre 2.000, penye baridi na majani mazuri ya ng'ombe. Pale Mpala, ku kando ya ziwa, Wabeleji walijenga kituo mu 1883, na mu 1885 wakakiachia mapadri weupe.

Hii inchi haikukosa njia tangu zamani. Mu 1914 Wajerumani walimaliza reli kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma. Mu 1915 Wabeleji wakamaliza yao kutoka Kabalo mpaka Kalemie, ile waliita Albertville. Kati ya reli mbili ilibaki kuvuka ziwa na masuwa tu. Mu 1956 Kabalo ikaungwa na Kamina, na treni ya Lubumbashi ikaweza kufika ku ziwa. Njo maana Kalemie ilipata kazi za kila namna: nguo za Filtisaf, simenti ya Kabimba, bandari, samaki. Ndagala na mikebuka za kule tunazijua hapa sokoni.

Manono nayo iliwahi kuwa mji wa kazi. Kampuni ya Géomines ilichimba kasiteriti kuanzia 1919. Mu miaka ya 1930 ikajenga barrage ya Mpiana-Mwanga ku mto Luvua, na umeme ukawaka kati ya pori. Wafanyakazi walikuwa na nyumba na hospitali, sawa vile wazee wetu wa Union Minière. Kisha mu miaka ya 1980 kazi kubwa ikasimama. Mu Oktoba 1985 bei ya bati ikaanguka duniani kote, vita vikafuata, na ile barrage ikanyamaza. Waliobaki walichukua mpao na nyundo. Mji uliosimama juu ya jiwe moja ulilala siku ile jiwe lilikosa bei. Sisi tulioona mishahara ya Gécamines ikikatika, hatuna lazima ya kuelezwa zaidi.

Sasa jiwe ni lingine. AVZ Minerals ya Australia na Zijin ya China wamegombania Manono mpaka ku mahakama za ng'ambo, na mu 2025 KoBold Metals ya Marekani ilitia sahihi mapatano na serikali. Wakubwa wanagombana juu ya makaratasi. Sisi tunauliza jambo lingine: hii mali itatokea wapi? Manono iko kilometa karibu 500 kaskazini ya Lubumbashi, na wakati wa mvua barabara ya Mitwaba ni matope. Mpango mmoja uliopangwa na AVZ ulikuwa kupeleka mali kwa malori mpaka Kabondo Dianda, mu Haut-Lomami, kisha ishuke kusini. Kama itakuwa vile, Kalemie itaangalia tu, na reli yake ya Kabalo itaendelea kuota majani. Lakini kama reli na bandari vinatengenezwa, mama wa samaki, mlimaji wa muhogo wa Nyunzu na mchungaji wa Marungu watapata njia ileile. Litiyumu ikianguka bei kesho, njia itabaki.

Amani nayo ni njia. Tangu 2016, vita kati ya Batwa na Baluba vilichoma vijiji vingi, na maelfu ya watu walikimbilia Kalemie. Mtalii hawezi kuja kuona ziwa penye watu wanalala chini ya mashiti.

Kuko pia sheria. Code ya madini ya 2018 inasema: ku ushuru wa madini (redevance), 25% ni ya jimbo, 15% ni ya sekteri, shefferi ao komini penye mgodi uko. Kampuni inapashwa tena kutoa 0,3% ya mauzo yake kwa kazi za maendeleo ya wenyeji. Watu wa Kolwezi na Fungurume wanajua namna ilivyo ngumu kufuata hizo franga mpaka zigeuke shule ao maji. Watu wa Manono waanze kuuliza sasa, mbele lori ya kwanza haijatoka.

Basi, kwa kijana anayetaka kwenda: hatumkatazi. Aulize kwanza: ni kampuni gani inaandika watu, na contrat ya muda gani? Umeme utatoka wapi? Familia itafika namna gani mtu akigonjwa? Kama majibu matatu yanakosa, anayemwita kule anamwita akachimbe kwa mkono, na hiyo kazi hapa tunayo.