Wito Haununui Unga

Kila wauguzi wanapodai mshahara, hakosi mkubwa fulani wa kusimama na kusema: uuguzi ni wito. Haya, ni wito. Na mwenye nyumba akija kudai kodi mwisho wa mwezi, nesi amlipe wito?

Tazama mambo yalivyokwenda hapa Kenya. Mwaka 2017 wauguzi wa serikali waligoma karibu miezi mitano wakidai mkataba wa mishahara. Mwaka 2020 wakaajiriwa wahudumu wa mpango wa Afya kwa Wote, wakiwamo vijana waliotoka chuoni juzijuzi tu. Walipewa kandarasi, na malipo ya chini kuliko wenzao wa kudumu. Wodi ni ile ile, zamu ya usiku ni ile ile, damu ni ile ile; mshahara ndio si ule ule. Mwaka 2025 walikuwa bado wanapiga kambi nje ya Afya House, Nairobi, wakidai haki yao.

Tunaambiwa ati hawa ni wachanga, waanzie chini. Kuanzia chini hatukatai. Kila ngazi ina kidato cha kwanza. Lakini kumwacha mtu nje ya ngazi miaka mitano, huko ni kumwanzisha wapi?

Na Julai 2021 serikali hiyo hiyo ilitia sahihi mapatano na Uingereza ya kupeleka wauguzi wetu kule. Kumbe thamani yao inajulikana!

Basi makofi yatosha. Walipeni.